Mke wa Mchinjaji wa Dutwa

Kwa miaka mitatu Zamda binti Issa aliishi Dutwa bila kuiona Dutwa. Aliisikia tu. Alisikia mabasi ya Bariadi yakipiga honi barabarani, akasikia kengele za baiskeli siku za mnada, na msimu wa pamba ulipofika akasikia malori yakinguruma kutwa nzima. Jumapili aliijua kwa ngoma za kanisani na msiba aliujua kwa vilio. Lakini ungemwuliza kisima kiko wapi, au duka la chumvi limepakwa rangi gani, asingekuwa na jibu. Dunia yake iliishia kwenye ua wa minyaa.

Usidhani alifungiwa kwa kufuli. Lango la ua ule lilikuwa vipande viwili vya bati vilivyoshikizwa kwa waya, na mbuzi mwenye akili kidogo tu angeweza kulifungua. Zamda alifungwa kwa maneno. Mume wake aliyasema yote siku ya kwanza, kisha kila baada ya wiki chache akawa anayachochea kidogo, kama mtu anayesogeza kuni zisizimike.

Zamda alikuwa mtu wa Buyenzi, mjini Bujumbura. Baba yake, Issa, alikuwa mwenye bucha ambaye Mungu alimpa mabinti watano na hakumpa mtoto wa kiume hata mmoja. Vita vilipozuka mwishoni mwa mwaka tisini na tatu, watu wa nyumba ile walitawanyika, na Zamda akajikuta Ujiji kwa shangazi wa mbali, ana khanga mbili na hana karatasi yoyote. Hapo ndipo alipokuja Maulidi, mtu wa Tabora, mwanamume wa makamo mwenye kanzu safi na ulimi mtulivu. Alikuwa amefuata dagaa, akaondoka na mke. Walifungishwa ndoa na sheikh wa mtaa, cheti kikaandikwa, Maulidi akakikunja na kukitia mfukoni mwake. Wakapanda treni mpaka Malampaka, na kutoka Malampaka wakadandia lori mpaka Dutwa.

Maulidi alikuwa na kazi mbili pale. Kila asubuhi alichinja ng'ombe wa mabucha, maana katika nchi ile ya Wakristo na wafugaji wa Kisukuma, nyama ya kuuzwa au ya kulisha wageni huchinjwa na Mwislamu ili kila mtu ale bila kujiuliza, na Mwislamu wa kuaminika alikuwa yeye. Msimu wa pamba alikuwa wakala. Serikali ilikuwa imefungua soko, kampuni binafsi zimemwagika, na kila mwenye mzani na mdomo alijiita mnunuzi. Maulidi mdomo alikuwa nao.

"Watu wa hapa hawapendi wageni," alimwambia Zamda siku ile walipofika, akimwekea kiti kwa upole. "Wakijua wewe ni mkimbizi usiye na karatasi, watakupeleka ofisini. Ofisini watakupakia gari mpaka kambini, na kambini watakurudisha kulekule kwenye mapanga. Nimewaambia wewe ni mtu wa Kigoma. Ukifungua mdomo tu, lafudhi yako itakuuza. Kaa ndani, mke wangu. Kila kitu nitakuletea."

Na kweli alileta. Alileta unga, sukari, mafuta ya kujipaka, khanga kila Idi. Hakumpiga wala kumtukana. Mwanamke anayepigwa walau ana alama ya kuonyesha, lakini Zamda angemwonyesha nani nini? Khanga mpya? Watu wa Tabora walisema mke wa kwanza wa Maulidi alikwenda sokoni siku moja na hakurudi tena. Zamda hakuwahi kulisikia hilo. Angelisikia, huenda angeelewa kwamba mwanamume aliyeachwa mara moja anaweza kulinda kuliko askari wa benki.

Siku moja alithubutu kumwuliza. "Si wewe ni mume wangu na ni mwananchi? Huwezi kwenda kuniandikisha?"

"Taratibu," Maulidi alijibu. "Mambo ya ofisi hayana haraka."

Basi Zamda akakaa. Muuza maji alipotua madumu langoni, alisubiri baiskeli iende zake ndipo ayaburute ndani. Mwaka wa kwanza jirani mmoja aitwaye Milembe alikuja mara mbili na sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kuanikwa, akapiga hodi mpaka akachoka. Zamda alijibana nyuma ya mlango akazuia pumzi. Milembe akaacha sahani juu ya jiwe. Zamda alivila viazi vile akilia, akaiosha sahani, akamwomba Maulidi airudishe. Milembe hakuja tena.

Huo ulikuwa ndio msiba wenyewe: alitamani watu, na aliwaogopa watu, na hakukuwa na mtu wa kumwambia ni kipi kati ya hivyo viwili kilicho wazimu.

Mwaka wa tisini na saba, mwezi wa tisa, Maulidi aliondoka na lori la pamba kwenda Malampaka. Aliahidi kurudi baada ya siku tatu. Siku ya tisa alikuwa bado. Redio ilikuwa imesema kwamba huko Kigoma wakimbizi wanaokaa mitaani wanakusanywa na kupelekwa kambini, na Zamda, aliyeisikiliza peke yake huku akichambua mchele, alikwenda kuukaza waya wa lango kwa koleo.

Jumamosi asubuhi aliisikia hodi.

"Mwangaluka, mayo," ilisema sauti ya mwanamke, salamu ya Kisukuma ya asubuhi kwa mtu unayemheshimu kama mama. "Ni mimi Milembe, mke wa Ngassa. Najua upo, moshi wa jiko nauona. Sijaja kukusumbua. Namtafuta mzee Maulidi."

Zamda alisimama nyuma ya mlango wake, pale pale pa miaka mitatu.

Milembe hakuondoka. Alianza kuliambia bati shida yake. Binti yake, Nyanjige, alikuwa ameposwa na kijana wa Kiislamu wa Nyashimo. Ngassa, Mkatoliki wa tangu babu yake, alikataa mwaka mzima, kisha akalegea kwa sharti kwamba wazazi wa kijana waje wale nyumbani kwake kwanza. Leo ndiyo siku, na wakwe wako kwenye basi. Dume limefungwa tangu jana, na Maulidi aliyeahidi kulichinja hayupo. Wametuma baiskeli Bariadi, wakajibiwa kwamba mchinjaji wa huko yuko kwenye harusi.

"Akichinja mume wangu, hawatagusa," Milembe alisema. "Watakunywa soda, watatushukuru, wataondoka. Na mwanangu ataingia kwa watu na aibu mgongoni. Ngassa naye atasema, si niliwaambia?"

Zamda alichungulia kwenye ufa akamwona ameketi chini vumbini na kitenge chake kizuri cha sherehe, analia bila sauti, kama wanavyolia watu waliokwisha kumaliza hila zote.

Zamda alitazama juu. Kisu cha pili cha Maulidi kilikuwa kimechomekwa kwenye boriti. Baba yake Issa, kwa kukosa mvulana, alimfundisha yeye kazi tangu akiwa na miaka kumi na miwili: kuku, mbuzi, kisha ng'ombe. Wazee wa Buyenzi waliponung'unika, Issa aliwafungulia kitabu akawaonyesha kwamba hakuna mahali palipokataza mwanamke kuchinja, wakaenda zao kununua nyama kama kawaida. Mikono ya Zamda iliijua kazi. Lakini mdomo wake ukifunguka utamuuza, na sauti ikitoka ukutani hairudi ndani. Alisimama pale akipambana na nafsi yake mpaka jasho likamtiririka.

"Hajarudi," akasema.

Nje, Milembe aliinua uso.

"Hajarudi," Zamda alirudia. "Lakini mimi najua kuchinja. Mleteni huku ndani. Mimi sitoki."

Ngassa alikuja mbio, mtu mrefu mwenye koti la suti na miguu ya kandambili. "Mwanamke?" aliuliza. "Anachinja?" Mkewe alimwambia kwamba kama anamjua Mwislamu mwingine wa kiume aliyejificha chini ya kitanda chake, amtoe sasa hivi. Ngassa akaenda kulileta dume.

Hapo ndipo kilipotokea kichekesho ambacho Dutwa walikisimulia miaka mingi baadaye. Dume la Ngassa lilikuwa na pembe za kujivunia, na lango la Maulidi lilikuwa limepimwa kwa mtu mmoja na dumu moja la maji. Walilisukuma likagoma. Walilipinda kichwa ili pembe zipite ubavu, likaling'oa bati moja na kulivaa kichwani. Mtu akapendekeza wakate ua wapanue nafasi, wengine wakamzomea: minyaa ikikatwa inatema utomvu, na utomvu ule ukiingia machoni unapofusha, nani aende kwenye sherehe na kipofu? Wanaume wanane walitoka jasho. Jua likapanda. Mtu akasema basi la Nyashimo limekwisha kuonekana mlimani.

"Mayo," Milembe aliita kupitia tundu lililobaki badala ya lango, "dume halitaingia. Nakuomba."

Zamda alikuwa amesimama katikati ya ua, kisu mkononi, amejitanda khanga mpaka machoni. Hofu aliyokuwa nayo haikuwa na mfano. Aliliona gari. Aliwaona askari. Aliyaona mapanga yaliyomsubiri huko mwisho wa safari. Na mbele yake alimwona mwanamke aliyewahi kumletea viazi mara mbili, akimsubiri. Alitoka.

Hakumtazama mtu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye sasa alikuwa ndani ya maji mpaka shingoni, kwa hiyo alifanya kazi. Aliwaambia walilaze dume kwa ubavu wa kushoto, kichwa kielekee kaskazini, kwenye kibla. Aliwaambia wakaze kamba ya miguu ya nyuma, si hivyo, hivi. Alijaribu makali ya kisu kwenye ukucha, akaomba jiwe, akanoa mpaka aliporidhika, na Ngassa aliyekuwa akimhimiza akajifunza kunyamaza. Kisha akapiga goti, akataja jina la Mungu kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, akapitisha kisu mara moja. Damu ilitoka kwa kishindo. Ilipokwisha kutoka, aliweka kisu chini.

Alisubiri mtu amshike. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kando na tumbaku yake alimwambia mwenzake, "Gashi anaongea," yaani kumbe si bubu. Hapakuwa na zaidi ya hilo. Milembe alimshika mkono, akampeleka nyumbani kwake kunawa.

Wakwe walifika. Mzee Kassimu, baba wa kijana, alikuwa mtu mnene aliyechoshwa na vumbi la njia, na kabla hajakaa aliuliza kwa adabu nyama imechinjwa na nani. Ngassa alikohoa. Milembe ndiye aliyejibu, akamwonyesha Zamda aliyejikunja kwenye mkeka na wanawake.

"Alitaja jina la Mungu?" Mzee Kassimu aliuliza.

"Tulimsikia sote," alisema Ngassa. "Hata mimi nusura nisilimu."

Mzee Kassimu alicheka mpaka akashika tumbo. "Basi leteni chakula," akasema. "Mama yangu alituchinjia kuku maisha yake yote, na mimi ndiye huyu mnayeniona sijakonda."

Watu wakala. Zamda alikula kidogo kidogo, jicho kwenye njia, akipima jinsi ya kurudi nyuma ya minyaa kabla mtu hajamwuliza kwao wapi. Milembe alikuja kuketi karibu naye, akamjazia sahani.

"Mayo, leo umenitoa aibu na sitakusahau," akasema. "Lakini nikuulize, usinikasirikie. Kwa nini ulitudharau miaka yote hii?"

"Mimi?"

"Si mumeo alituambia. Kwamba kwenu Bujumbura ni mjini, mmezoea umeme, huwezi kukaa na Wasukuma wanaonuka ng'ombe. Mimi niliacha kuja kwa sababu hiyo. Niliona viazi vyangu vinakutia kinyaa."

Tonge lilibaki mkononi mwa Zamda. "Kwetu wapi, umesema?"

"Bujumbura. Mbona hilo kila mtu anajua? Alitwambia wiki ileile mliyofika. Sisi tunakuita Mrundi wa Maulidi."

"Na ofisini?" Zamda alinong'ona. "Ofisini wanajua?"

Milembe alimgeukia mwanamume mwembamba wa mkeka wa pili, aliyekuwa akihangaika na mfupa. "Mtendaji wa kata ndiye huyo. Athanasi, unamjua huyu mama?"

"Nitaachaje kumjua?" alisema Athanasi. "Nilimwambia mumewe tangu mwaka wa kwanza aniletee cheti cha ndoa na picha, niandike barua kwenda wilayani mke wake apate karatasi. Nimemkumbusha mpaka nikachoka. Akaniambia wewe mwenyewe hutaki, eti unangoja vita viishe urudi kwenu."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini kulijua neno si sawa na kuumwa. Zamda alikaa na tonge lake. Kwanza aliona aibu, kwa namna alivyowajifichia watu waliokuja na sahani. Kisha hasira ikampanda polepole. Miaka mitatu alikuwa anaificha siri ambayo aliyemwambia aifiche alikuwa ameitangaza sokoni. Nje waliambiwa ana kiburi, na yeye ndani aliambiwa wana roho mbaya, na mtu mmoja alipita katikati asubuhi na jioni akiwa amevaa kanzu safi.

Alasiri Maulidi alifika. Lori lilimshusha barabarani, nyuzi za pamba zimemganda kwenye nywele, na mtu wa kwanza kukutana naye alimpongeza kwa kazi ya mkewe. Aliingia uani kwa Ngassa akitabasamu, akawaamkia wakwe mmoja mmoja, akamtakia bibi harusi kheri. Kisha akainama sikioni mwa Zamda.

"Umejianika," alinong'ona kwa upole wake uleule. "Kesho watakuja kukuchukua. Inuka twende kabla hawajaanza kukuuliza."

Na Zamda akainuka.

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, hata baadaye, hata miaka mingi baadaye. Akili ilikuwa imekwisha kujua kila kitu, lakini miguu ilikuwa bado haijaambiwa. Alijikuta amesimama, anajitanda khanga, ameshavaa kiatu kimoja. Alikitazama kile kiatu.

"Nani watakuja?" aliuliza kwa sauti ya kawaida, ya watu wote kusikia.

Maulidi alitazama huku na huku, akitabasamu bado. "Tutaongea nyumbani."

"Mtendaji ni huyu hapa. Mwambie mimi nimetoka wapi. Mwambie sasa, na mimi nisikie."

Athanasi aliacha kutafuna. Wanawake wa mkekani waliinamisha nyuso, maana hakuna anayependa kumwona mtu mzima akivuliwa nguo, hata kama nguo zenyewe ni za wizi. Maulidi alifungua mdomo, ule mdomo uliouza na kununua pamba ya wilaya mbili, na haukupata neno.

"Twende nyumbani, mke wangu," akasema mwishowe.

"Tangulia," Zamda alimwambia, akakaa.

Alikaa kwa nguvu zake zote. Alishika ukingo wa mkeka kwa mikono miwili kwa sababu miguu ilitaka kuinuka tena. Maulidi alisimama pale mpaka ilipokuwa aibu kusimama, kisha akasema kwamba mwanamke atakayelala nje ya nyumba yake leo asiitafute tena nyumba hiyo, akaondoka. Hakuna aliyemfuata. Wakwe, kwa adabu, walianza kuzungumzia bei ya pamba.

Zamda hakuwa na ndugu karibu. Khanga zake zote zilikuwa nyuma ya minyaa, na cheti chake cha ndoa kilikuwa kwenye sanduku la mtu aliyeondoka sasa hivi. Kwao watu walikuwa bado wanauana. Hakujihisi huru hata chembe. Alihisi baridi, kama mtu aliyetolewa shimoni akiwa amelowa.

"Mayo," Milembe aliuliza taratibu, "leo utalala wapi?"

"Sijui."

"Basi kuna chumba cha Nyanjige. Mtalala naye mpaka aolewe."

Zamda alitikisa kichwa kukubali, kisha akamgeukia Athanasi. "Bila cheti, ofisi itanipokea?"

"Njoo Jumatatu wewe mwenyewe, mdomo unao. Cheti nitamdai mumeo kwa barua, na atakileta."

"Ofisi yenyewe iko wapi?"

Athanasi alishangaa kwanza, akidhani anatania. Kisha akanyoosha kidole juu ya ukuta wa Ngassa, kuelekea nyumbani kwa Maulidi, kwenye paa jekundu lililojitokeza nyuma ya ua. "Lile pale. Mnapakana. Ukitoka langoni kwenu ukikata kushoto, kabla hujahesabu mia umefika."

Lile paa Zamda alikuwa akiliona kila asubuhi akianika nguo. Siku zote alidhani ni ghala la mtu. Aliweka sahani chini, akalia pale mkekani mbele ya wakwe wa watu, wala hakujifunika uso.